Kushoto Penye Shule

Uamuzi wenyewe ulikuwa na mistari minne, na ni mimi niliyeuandika, kwa kuwa mwaka huu natimiza miaka thelathini na miwili nikiwa katibu wa halmashauri ya Valdecierzo, na hakuna neno la halmashauri ambalo halijapita mkononi mwangu. Ulisema kwamba wageni wawili wasioufahamu mji watateuliwa miongoni mwa abiria wa basi la Jumamosi la saa tano asubuhi. Kwamba watapewa mwongozo ulioandikwa na doña Fermina Arbués na kuufuata, bila msaada wa mtu yeyote, hadi lango la juu, shimo la zamani la kuhifadhia theluji na kikanisa cha mlimani. Na kwamba wakirejea kituoni kabla ya basi la saa kumi na moja na dakika kumi jioni, mwongozo huo ndio utakaochapishwa. Wasiporejea kwa wakati, utachapishwa ule wa kampuni ya mjini.

Mwongozo wa kampuni ulikuwa na karatasi za kung'aa na picha kubwa za mawingu. Katika ukurasa wake wa tatu palikuwa na daraja zuri la mawe ambalo sisi hatuna. Nililitaja jambo hilo kikaoni. Meya wetu, Araceli Lahoz, akanijibu, "Don Leandro, daraja litafutwa. Lakini hawa watu wanajua wageni wanataka nini. Sisi tunajua tunachotaka sisi." Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na alisema hivyo bila dharau, ndiyo maana iliniuma.

Fermina alikuwa amebeba barua za mji huu kwa miaka thelathini na mitano, kwa miguu, theluji ikiwapo na isipokuwapo. Alipostaafu alianza kuandika mwongozo, na majira tisa ya baridi yalimwishia humo. Aliandika mahali pa kupata maji ya kunywa, siku ambazo gari la mkate hupanda na mlio wa honi yake, nyumba inayotunza ufunguo wa kanisa, mbwa gani hubweka tu na yupi huuma. Binti yake, Maricruz, alikuwa amemwandalia chumba Zaragoza tangu mwaka uliopita, na kila Jumapili alimpigia simu kumkumbusha kwamba chumba kipo. Siku uamuzi ulipobandikwa ubaoni, Fermina alisimama kwenye foleni ya mkate na kusema mbele ya wote:

"Wakiuchapisha, nabaki. Wasipouchapisha, baada ya Pasaka naenda kwa Maricruz kukaa mbele ya televisheni kama chungu cha maua. Nimeshamwambia."

"Usiseme hivyo, shangazi," dereva wa gari la mkate alimwambia.

"Nimesema. Nipe mkate mmoja, na usiwe ule ulioungua."

Tulikuwa watu themanini na wanne. Sikuhitaji kalamu kujua tutabaki wangapi.

Ili jaribio liwe la haki, nilipewa kazi ya kuwafuata wageni hatua ishirini nyuma, nikiwa na saa na daftari, bila kutamka neno. Wapo waliodhani nitashindwa. Hao hawajui nilikolelewa. Miaka minane nilisomeshwa na mapadre katika shule ya bweni kule bondeni, ambako tulikula, tulioga na tulipanda ngazi kwa kimya, na aliyenong'ona alisimama ukutani mpaka wenzake wamemaliza supu. Kimya hakijapata kunishinda.

Jumamosi ya pili ya Machi basi lilishusha watu sita, na Araceli akachagua mume na mke kutoka Murcia. Mume aliitwa Ginés. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mnene, mwepesi wa mzaha. Mke aliitwa Salvadora, mwanamke mwembamba mwenye macho madogo yasiyotulia, ambaye alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha kufungasha malimau. Walielezwa masharti, wakakubali mara moja.

"Tukipotea tunapewa nini?" Ginés aliuliza.

"Mnapewa baridi," Araceli alimjibu.

"Na huyu bwana mwenye daftari ni nani? Polisi?"

"Ni don Leandro. Msimjali. Mchukulieni kama kivuli."

"Kivuli chenye tai!" Ginés alisema, na wakaanza kupanda.

Salvadora ndiye aliyesoma kwa sauti. Nilikuwa nayakumbuka maneno yale, kwa sababu ni mimi niliyeyapiga chapa ofisini, mara mbili, kwa ombi la Fermina: *Ukitoka kituoni panda moja kwa moja hadi penye mforosadi, kisha pinda kushoto penye shule. Pita kwa mhunzi, na ukifika penye tanuri shika njia ya kulia, iendayo langoni.* Ni maelezo mafupi, safi, yasiyo na neno la ziada. Niliyapenda nilipoyapiga chapa na niliyapenda niliposikia yakisomwa.

Walifika uwanjani, wakasimama.

"Mke wangu," alisema Ginés, "wewe unaona mti wowote hapa?"

"Naona nguzo ya taa."

"Labda huku milimani ndivyo miti yao ilivyo. Ina matawi?"

"Ginés, acha mchezo. Mforosadi. Tazama vizuri."

Walizunguka uwanja mara mbili. Nyuma ya mapazia ya madirisha yote yaliyokuwa na watu niliona vidole. Mji mzima ulikuwa umeonywa usisaidie, na mji mzima ulikuwa umejibanza kuangalia. Ndipo nilipokumbuka kwamba mforosadi ulikatwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita, baada ya kuoza kwa ndani. Nilikuwapo ulipokatwa. Niliandika kibali. Hata hivyo, ungeniuliza asubuhi ile ni wapi ningekutana nawe, ningekuambia bila kufikiri: penye mforosadi.

Niliandika katika daftari: *saa tano na dakika thelathini na nne, wasita uwanjani.*

Waliamua kutafuta shule. Salvadora aliona jengo refu lenye madirisha makubwa upande wa kushoto, akasema hilo ndilo, kwa kuwa shule huhitaji mwanga. Lilikuwa dobi la zamani, mahali mama zetu walipofulia. Wakapinda hapo. Njia ile haiendi langoni. Inakwenda kwenye viwanja vya kupuria ngano, ambako sasa hakuna ngano bali mbuzi kumi na mmoja, na mbuzi hao wana tabia mbaya. Nilisimama hatua ishirini nyuma nikimtazama Ginés akivutana na beberu juu ya mkanda wa mkoba wake.

"Bwana Kivuli!" alinipigia kelele. "Huyu naye yumo kwenye mwongozo?"

Niliandika saa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo juu ya ukuta alinikemea mimi badala yake: "Don Leandro, huna haya? Watu wanaliwa na mbuzi na wewe unaandika!"

Nilimwonyesha kidole mdomoni. Alinionyesha kitu kingine, ambacho sitakitaja.

Ilipotimu saa saba walikuwa wamerudi uwanjani, wakapanda upya kwa njia iliyo sahihi bila kujua kwamba ni sahihi. Walipita mbele ya shule. Hawakuiona. Walipita kwa mhunzi. Hawakupatambua. Kisha Salvadora akasimama mbele ya nyumba ya Evaristo Puyuelo, akatazama juu. "Bomba la moshi hili ni pana mno kwa jiko la mtu mmoja," alisema. Akagonga mlango.

Evaristo, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, alifungua kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango tangu Krismasi. Nina hakika alikuwa.

"Samahani, mzee. Tunatafuta tanuri."

"Mmefika! Ingieni. Limo nyuma ya kabati." Kisha akanitazama mimi juu ya mabega yao, akapaza sauti: "Leandro, andika vizuri humo! Sikuwasaidia. Wao ndio waliogonga. Kumfungulia mtu mlango si msaada, ni adabu."

Wakaingia. Kabati likasukumwa, mdomo wa tanuri ukaonekana, mweusi, uliookea mkate wa mji huu miaka mia mbili na ushei. Pakatokea paja la nguruwe lililokaushwa, pakatokea mvinyo, pakatokea kisa cha babu yake na mkate wa harusi. Niliitwa mara nne niketi nile. Nilibaki mlangoni. Salvadora alikuwa akiitazama saa. Mumewe alikuwa akiutazama mvinyo. Dakika hamsini zilikwenda hivyo, nami nikaziandika zote.

Walichobaki nacho ni mchana uliokwisha kuanza kuegemea jioni. Walifika lango la juu saa tisa na nusu. Kutoka hapo mwongozo uliwaambia wafuate ukingo wa shamba la Baltasar, na Baltasar alikufa nikiwa kijana, na shamba lake leo ni msitu wa misonobari kama misitu mingine yote inayolizunguka. Walikosea tena, wakarudi tena. Saa kumi na moja na dakika kumi tulikuwa kwenye shimo la theluji, sisi watatu, mimi hatua ishirini nyuma yao. Kutoka pale kituo huonekana kidogo kama sanduku la kiberiti. Basi likapiga honi mara moja, likazunguka, likashuka bondeni.

Niliandika saa. Nilifunga daftari.

Salvadora alikuja hadi niliposimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi. "Bwana, sasa unaruhusiwa kusema?"

"Sasa naruhusiwa, señora."

"Basi niambie. Ile shule iko wapi?"

"Mmepita mbele yake. Ni ile nyumba yenye mapazia ya mbao ya kijani."

"Ile? Ile ni nyumba ya watu. Imefungwa, ina vyungu vya maua dirishani."

"Ni ya familia moja ya Barcelona. Huja Agosti."

"Kwa hiyo si shule."

"Ilifungwa mwaka themanini na tatu."

"Sasa kwa nini mnaiita shule?"

"Kwa sababu ni shule," nilisema.

Ginés alicheka hadi akalazimika kushika ukuta wa shimo. Salvadora hakucheka. Alinitazama kwa yale macho madogo kama mtu anayesubiri mwenzake aisikie sauti yake mwenyewe. Nami niliisikia. Mimi ambaye nimewahi kurudisha barua ya serikali ya mkoa kwa sababu ya koma moja, nilikuwa nimepiga chapa kurasa thelathini na nane za maelekezo kuelekea mahali pasipokuwapo, mara mbili, na nilikuwa nimeyasifu.

Tulishuka pamoja. Fermina alikuwa kituoni tangu saa kumi, amevaa koti lake la Jumapili. Alikuwa ameliona basi likiondoka bila wao. Alipotuona hakuuliza lolote juu ya mwongozo.

"Mmekula?"

"Mama, tumekula kwa mzee mmoja mpaka tumechelewa," alisema Ginés.

"Evaristo," alisema Fermina kwa uchungu. "Haya, twendeni. Mtalala kwangu, mpaka kesho hakuna basi."

Jikoni kwake aliweka supu ya vitunguu saumu mezani, na alipokwisha kuwahudumia wageni ndipo alipogeuka kwangu.

"Hawajui kusoma?"

"Wanajua, Fermina."

"Basi tatizo ni nini? Kila mtu anajua shule ilipo!"

"Mimi sijui, mama," alisema Salvadora.

"Ningekuonyesha kwa kidole ungejua."

"Lakini kidole chako hakimo kwenye kitabu." Salvadora aliweka kijiko chini. "Sikiliza, mama. Mimi miaka ishirini na sita malimau yalinipita mbele kwenye mkanda. Hukupewa nafasi ya kuuliza limau lilitoka shamba gani wala lilikuwaje jana. Lina doa, unatoa. Halina, unaacha. Unatazama kilicho mbele yako, basi. Wewe umeniandikia jana. Jana nzuri, nimeipenda, nimeisoma yote kwenye basi. Ila leo nilikuwa natafuta mti."

Fermina alisimama, akazima jiko, akakaa. Nilidhani atalia, na sikujua ningefanya nini akilia, kwa kuwa hilo hatukufundishwa. Hakulia.

"Nilikuwa napanga barua chini ya ule mti," alisema. "Kila asubuhi. Za juu huku, za chini huku."

"Ulikuwa mkubwa?" Ginés aliuliza, na safari hii hakuwa akitania.

"Mkubwa. Majira ya forosadi barua zote zilifika na madoa."

Fermina alifuta meza kwa kiganja. Kisha akauliza, "Basi lenu ni saa ngapi kesho?"

"Lilelile la saa kumi na moja na dakika kumi," nilimjibu mimi.

"Basi baada ya misa," alimwambia Salvadora, "utatembea na mimi. Mimi nitakwambia ninachokijua, wewe utaniambia unachokiona. Na wewe, Leandro, leta kalamu."

Sijawahi kufanya kazi Jumapili tangu nilipoajiriwa. Nilileta kalamu.

Tulianzia uwanjani. "Mforosadi," alisema Fermina, kwa ukaidi. "Nguzo ya taa, nyeusi, imechubuka rangi chini," alisema Salvadora. Nikaandika nguzo. Mbele ya shule: "Mapazia ya mbao ya kijani, vyungu vitatu, kimoja kimepasuka." Fermina alikuwa amepita mbele ya vyungu vile kwa miaka, akasogea karibu kuvitazama kana kwamba vimewekwa asubuhi hiyo. Kwa mhunzi: "Mlango wenye kiatu cha farasi kilichogeuzwa juu chini." Kwenye shamba la Baltasar Salvadora alizunguka kwa nusu saa nzima kabla ya kutuonyesha jiwe jeupe, refu kama mtoto, ambalo mimi na Fermina tumelipita maisha yetu yote.

Waligombana pia. Fermina alitaka majina ya zamani yabaki. Salvadora alisema yatamchanganya mgeni. Fermina akasema bila hayo mgeni atakuwa amekuja kutazama vyungu. Wakakubaliana kwamba yataandikwa mwishoni mwa kila kifungu kwa herufi ndogo, kisha wakagombana juu ya udogo wa herufi.

"Ndogo hivi?" alisema Fermina. "Hii ataisoma siafu."

"Mama, wewe ungeipa shule ukurasa mzima."

"Ningeipa miwili. Nilisomea pale."

Ginés alikuwa amekaa juu ya lile jiwe jeupe akila mkate. "Yapeni majina herufi za namba sita," alisema. "Namba sita ndiyo waliyoandikia onyo kwenye matangi ya petroli, na sisi madereva tuliliona." Ikawa namba sita.

Waliondoka jioni ile. Fermina aliwafungia jibini katika gazeti na hakuwaomba chochote zaidi. Usiku ule hakulala, aliniambia baadaye. Lakini saa mbili kamili asubuhi ya Jumatatu alikuwa mlangoni pa ofisi na kurasa zilizoandikwa kwa mkono, nami nikaanza kuzipiga chapa.

Kikao kilikuwa saa kumi na mbili jioni: Meya na madiwani watatu mezani, Fermina kwenye benchi la wananchi. Nilisoma taarifa yangu nikiwa nimesimama. Niliwasomea saa zote, mbuzi, tanuri, shamba la Baltasar. Kisha nikasoma mwisho wake: "Jaribio limeshindwa. Wageni hawakuwahi basi. Aidha, mwandishi wa taarifa hii aliupiga chapa mwongozo huo mara mbili na hakuona kosa lolote. Kwa hiyo kosa si la doña Fermina Arbués peke yake."

"Don Leandro," alisema Araceli, "hicho cha mwisho hakikuombwa."

"Hakikuombwa, Bi Meya. Lakini ni kweli, na kimeshaandikwa."

Diwani mmoja alikohoa. Mwingine aliniangalia kana kwamba nimevua shati. Katika shule yetu mwenye kosa alisimama mwenyewe kabla hajatajwa, na aliyengoja kutajwa alionewa aibu na wote hadi mwisho wa muhula. Nilikaa chini nikiwa na amani.

Fermina aliomba kusema. Hakuomba jaribio la pili. Alisema: "Mwongozo mliojaribu ulikuwa mbovu. Nauondoa. Nilikuwa naandikia watu waliokufa, na wao wanaijua njia." Kisha akaweka mezani bahasha mpya. "Huu ni mwingine. Ombi lake liko kwa katibu."

Araceli alinigeukia. "Liko kwako?"

"Limepokewa leo saa nne na robo, Bi Meya. Lina muhuri na namba. Ofisi ikiwa wazi sina mamlaka ya kukataa karatasi ya mwananchi yeyote."

"Tutafanya majaribio mangapi?" diwani aliyekohoa aliuliza. "Mpaka dereva wa basi astaafu?"

Araceli alikuwa ameifungua bahasha na alikuwa anasoma. Niliona midomo yake ikitikisika. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, kisha akacheka ghafla. "Hapa panasema: *Nyumba yenye bomba pana la moshi. Usigonge kama una basi la kuwahi. Mwenyeji ni mkarimu kupita kiasi.* Evaristo ameiona hii?"

"Ameiona," alisema Fermina. "Amekasirika. Amesema ataweka kiti nje."

Kura zikapigwa. Watatu walikubali kungoja Jumamosi moja zaidi, mmoja akakataa, nami nikaandika hivyo.

Jumamosi ile theluji ilianguka tangu alfajiri. Abiria walikuwa wawili tu, kwa hiyo hapakuwa na uchaguzi: mwalimu wa muziki kutoka Lleida na dada yake, wanawake wa makamo wenye viatu visivyofaa. Niliwafuata hatua ishirini nyuma. Kwenye nguzo ya taa hawakusimama hata kidogo. Kwenye mapazia ya kijani wakapinda. Evaristo alikuwa kweli ameketi nje juu ya kiti, katika theluji, na chupa mapajani; wakamsalimu, wakaitazama karatasi, wakatazamana, wakaharakisha. Alinirushia tusi nilipopita.

Pale msituni ndipo nilipoogopa. Theluji ilikuwa imelifunika jiwe jeupe, na jeupe ndani ya jeupe halionekani. Walisimama. Mwalimu akasoma tena. Nilijua mahali lilipo kama ninavyojua mahali pa kitanda changu, na hatua tatu tu zingetosha, au jicho tu kulielekeza upande ule. Nilitazama daftari langu. Nilisoma neno moja mara nyingi. Sikumbuki lilikuwa lipi. Dakika kumi na mbili zilipita, baridi ikanipanda magotini. Ndipo dada mtu alipolikwaa jiwe kwa kiatu chake kisichofaa, akapiga ukelele, akaanguka, akalikumbatia.

"Ni hili!" alisema akiwa chini. "Refu kama mtoto! Ni hili!"

Walifika shimoni, wakafika kikanisani, wakashuka. Saa kumi na moja kasoro dakika nane walikuwa kituoni, na watu waliokuwa wamejifanya wanapita tu walikuwa wengi kuliko siku ya mtakatifu wetu. Hakuna aliyepiga makofi mpaka nilipoandika saa na kuionyesha kwa Meya. Hapo walipiga.

Fermina hakupiga. Alikuwa amemshika mkono mwalimu wa muziki na kumbana maswali. Walichelewa wapi? Neno gani hawakulielewa? Jiwe? Kwa nini jiwe? Waliposema theluji, aliachia mkono ule polepole, akatazama mlima.

Tulikwenda ofisini, yeye na mimi, kwa sababu simu ya ofisi husikika vizuri. Alimpigia Maricruz akiwa amesimama, koti bado limefungwa.

"Umepita," alisema. "Ndiyo. Dakika kumi na nane zilibaki... Hapana, binti yangu, siji. Chumba kigeuze utakavyo... Nitakuja Krismasi, siku nne. Si tano. Nina kazi." Akasikiliza kidogo. "Kazi gani? Huu ni wa siku za jua. Wa theluji bado haujaandikwa, na mimi nina miaka sabini na mmoja, sina muda wa kuongea."

Akaweka simu. Ofisi hufungwa saa kumi na mbili, na kwa miaka thelathini na miwili nimeifunga saa kumi na mbili. Zilibaki dakika nne. Fermina alivuta kiti, akaketi mbele ya meza yangu, akafungua vifungo vya koti.

"Ukurasa wa kwanza, Leandro," alisema. "Andika: viatu."

Nikaweka karatasi mashineni.